Kwa nini nimelisahau onesho la gharama na taarab ya utotoni bado naikumbuka?

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Tanga, nina miaka 38. Mwezi wa pili mwaka huu nilisafiri hadi Dar es Salaam kwenye onesho la msanii ninayempenda tangu nikiwa sekondari. Nililipa kiingilio cha mbele kabisa, nikasimama hatua chache tu kutoka kwenye spika kwa muda wa saa tatu, na nikarekodi karibu onesho zima kwa simu. Kutoka getini tulisukumana zaidi ya saa nzima, nikadaka basi la usiku huohuo, asubuhi nikaingia kazini. Sasa ni miezi mitano. Ukiniuliza aliimba nini, lazima nifungue simu. Masikio yalipiga mluzi siku tatu, na mpaka leo usiku kukitulia nausikia kwa mbali sikio la kushoto. Lakini taarab ya harusi ya shangazi yangu pale Ngamiani, nikiwa na miaka tisa, naikumbuka yote. Bibi alinipa noti nikamtunze mwimbaji, yule mama akanishika kidevu, akaimba ubeti mzima huku ananitazama mimi. Nyumbani tunaisimulia mpaka leo. Je, kumbukumbu yangu imeanza kuchoka? Au muziki wa siku hizi ndio umekosa ladha? Mwisho wa mwaka nataka kumpeleka binti yangu wa miaka 10 kwenye onesho lake la kwanza, na ningependa limkae moyoni. Nimpeleke wapi?"*

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila nikirudia jicho langu linakwama kwenye ile noti ya bibi. Nitaifikia. Lakini kuna jambo moja ndani ya barua yako lisilotaka kusubiri, nalo ni mluzi wa sikio la kushoto. Tuanzie hapo.

Ndani kabisa ya sikio kuna mfereji mdogo uliojikunja kama gamba la konokono, umejaa majimaji, na ndani yake zimepangwa seli zenye vinywele vidogo mno. Sauti ikiingia, majimaji hutikisika na vinywele vile huinama na kuinuka kama mpunga unaopigwa na upepo, na kila vikiinama hupeleka habari kwenye ubongo. Upepo ukizidi, mpunga hulala. Mwingine huinuka baada ya saa kadhaa au siku moja mbili, ndiyo maana watu wengi hutoka kwenye onesho masikio yameziba na kesho yake wakawa sawa. Mwingine hauinuki tena. Seli hizi kwa binadamu zikishakufa hazioti upya. Wataalamu wengi wanaueleza mluzi hivi: ubongo ulizoea kupokea habari kutoka sehemu fulani ya sikio, sasa habari haziji kama zamani, basi wenyewe unaongeza nguvu ya kusikiliza mpaka unaanza kusikia kelele zake.

Kiasi cha sauti hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake huwapotosha wengi. Kipimo kinachotumika sana makazini ni kwamba sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa nane kwa siku. Ukiongeza desibeli tatu tu, muda salama unagawanyika nusu, yaani 88 kwa saa nne, 91 kwa saa mbili. Ukifika 100 umebakiwa na robo saa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kwenye kumbi na matamasha wastani wa sauti usizidi desibeli 100 katika kila dakika 15. Aliyesimama hatua chache mbele ya spika za uwanjani mara nyingi yuko juu ya hapo, na wewe ulisimama saa tatu.

Kwa hiyo wiki hii, tafadhali, nenda Bombo au hospitali yoyote yenye daktari wa masikio, pua na koo, useme maneno haya matatu: mluzi, miezi mitano, sikio moja. Omba upimwe usikivu. Mluzi wa upande mmoja usioondoka ni wa kuchunguzwa kwa macho na vifaa. Mimi ni fundi mitambo ya muziki, si daktari, na hata daktari hawezi kuuona kwa barua. Usitie mafuta ya kitunguu saumu wala kitu chochote cha moto sikioni. Na hili liweke akilini kwa siku zijazo: ikitokea sikio moja limepoteza usikivu ghafla, au kizunguzungu kikaja pamoja na mluzi, usingoje lizibuke lenyewe. Hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu tiba yake hufaa zaidi ikianza mapema.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali. Unaogopa kwamba ama wewe umechoka, ama muziki umekosa ladha. Kwa ulivyoeleza, sioni dalili ya lolote kati ya hayo. Mtu anayekumbuka kidevu chake kilivyoshikwa miaka 29 iliyopita, na tena anakumbuka kwa mpangilio alivyosafiri, alivyosimama, alivyosukumwa getini na alivyorudi, kumbukumbu anayo. Kama ungeniambia unasahau dawa uliyokunywa asubuhi au unapotea njia ya sokoni, hilo ningekuambia ulipeleke kwa daktari. Wewe umesahau nyimbo tu. Na nyimbo hizo, nadhani, hazikuwahi kuingia.

Kosa ambalo karibu sote tunalo ni kudhani kwamba kumbukumbu ni kanda ya kurekodia: ukiwapo, inazunguka. Haiko hivyo. Ubongo hushika kile ulichokielekezea akili, na hukishika kwa nguvu zaidi kama mwili ulifanya kitu na moyo ulishtuka. Kilichopita pembeni kinapita. Sasa jitazame siku ile. Mkono mmoja juu, simu imewashwa. Jicho linamfuatilia mwimbaji asitoke kwenye kioo. Kidole kinahofia kugusa kitufe. Akili inahesabu chaji. Huyo ni mpiga picha kazini, na mpiga picha kazini hasikilizi.

Hili limejaribiwa. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani, Linda Henkel, aliwapitisha wanafunzi kwenye jumba la makumbusho, vitu vingine wakaambiwa wavipige picha, vingine wavitazame tu. Kesho yake walivikumbuka vizuri zaidi vile walivyovitazama tu. Watafiti wengine mwaka 2017 wakaongeza jambo ambalo kwa mpenzi wa muziki ni zito zaidi: watu waliokuwa wakipiga picha kwa hiari yao walikumbuka zaidi walichokiona, lakini wakakumbuka kidogo zaidi walichokisikia. Majaribio hayo hayakufanywa kwenye onesho la muziki, kwa hiyo siyavuti kupita kiasi. Ila yanafanana sana na hadithi yako. Unayo picha, huna wimbo.

Sikukatazi simu. Piga picha moja au mbili mwanzoni, halafu iingie mkobani. Video za onesho lilelile wengine watazirusha kesho, tena zilizo safi kuliko zako.

Kosa la pili ni la mahali, na hapa nazungumzia kitu ninachokijua kwa mikono. Kwa miaka 26 nimekaa nyuma ya meza ya kuchanganyia sauti, kwenye harusi, kumbi za dansi na viwanja vya wazi kuanzia Pangani hadi Lushoto. Watu hulipa zaidi ili wakae mbele, nami huwaonea huruma. Mbele kabisa, sauti ya mwimbaji hukupita juu ya kichwa, kwa sababu spika zinazobeba sauti yake zimeinuliwa zielekezwe kwa umati ulio nyuma. Unachopata wewe ni besi iliyowekwa chini na ngoma zinazotoka jukwaani moja kwa moja. Maneno yanapotea. Na sauti kubwa mno yenyewe humezana, sikio linashindwa kutenganisha gita na kinanda. Ukisogea nyuma sana nako kuna gharama yake: sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde kwenye joto letu, kwa hiyo aliye mita 70 humwona mpiga ngoma akipiga, kisha ndipo akaisikia, moja ya tano ya sekunde baadaye. Ni kidogo, lakini mwili huitambua, ndiyo maana huko nyuma watu hupiga makofi nje ya mapigo. Tena kwetu pwani upepo wa bahari ukivuma kutoka kwako kwenda jukwaani hunyanyua sauti ikapita juu.

Msogelee fundi mitambo. Meza yake huwa katikati ya uwanja au ukumbi, na anachokirekebisha usiku kucha ni kile anachokisikia akiwa pale.

Lakini besi nayo ina haki yake, nisiionee. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, walichapisha mwaka 2022 jaribio la kupendeza. Kwenye onesho la kweli la muziki wa dansi wa kielektroniki waliweka spika za besi ya chini mno, ya chini kiasi kwamba sikio karibu halisikii, wakawa wanaziwasha na kuzizima bila watu kujua. Zilipokuwa zimewashwa watu walicheza zaidi kwa karibu asilimia 12. Kwa hiyo ni kweli kwamba sehemu ya utamu wa onesho huingilia kifuani na miguuni, jambo ambalo simu haiwezi kukupa nyumbani. Tazama tu kwamba kilichowachezesha hakikuwa kelele.

Sasa ile noti.

Wewe umeitaja kama pambo la hadithi. Kwangu mimi ni jibu la nusu ya swali lako. Utotoni ule hukuwa mtazamaji. Ulikabidhiwa kazi. Bibi alikupa noti, ukainuka mbele za watu, ukapita katikati ya mikeka na kanga na harufu ya asumini, moyo unapiga, hujui utapokewaje, ukafika, ukanyoosha mkono. Na kilichofuata kilibadilika kwa sababu yako: mwimbaji akashuka kutoka kwenye wimbo wa watu wote akakuimbia wewe. Kama ungebaki umekaa, ubeti ule ungeimbwa vingine. Hilo ndilo jambo ninaloliamini kuliko yote kuhusu onesho lisilosahaulika: ni lile ambalo kuwapo kwako kulibadilisha kitu, hata kidogo, nawe ukajua.

Taarab imejengwa juu ya jambo hilo. Kwenda kutunza ni mtu kusema ubeti huu ni wangu, umenigusa, au umemgusa jirani yangu aliyekaa pale. Mwimbaji anayejua kazi yake hurudia mstari ule kama anaona watu bado wanainuka, na bendi husubiri nyuma yake ikizungusha mapigo yaleyale. Mji wetu huu uliongeza la kwake. Vikundi vya Tanga kama Black Star na Lucky Star, ambavyo marehemu Shakila aliimba navyo, vilikuwa vidogo kuliko vile vya Unguja vyenye fidla nyingi, vikaingiza gita na besi la umeme, na taarab ikawa muziki ambao watu wanaweza kuinuka na kuucheza. Upande wa dansi, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz nazo zilikuwa za hapahapa. Wazee waliokuwa wakienda kwenye dansi hizo hawakusimulii urefu wa spika. Watakuambia chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, lilipoanza nani alimshika nani mkono.

Kwa nini ubongo unapenda hivyo? Sehemu moja ya maelezo iko kwenye kusubiri. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal walipima ubongo wa watu wanaosikiliza muziki unaowasisimua, wakaona kwamba dopamini, kemikali ya hamu na raha, hutoka mara mbili: kwanza sekunde chache kabla ya pale patamu, katika sehemu moja ya ubongo, halafu pale patamu penyewe, katika sehemu nyingine. Yaani nusu ya raha iko kwenye kungoja. Sasa mwimbaji aliye hai anaweza kucheza na kungoja kwako. Anajua unajua mstari unaofuata. Anaushika. Anavuta pumzi, anatazama pembeni, besi inazunguka mara nyingine tena, ukumbi mzima umeinama mbele, ndipo anauachia. Kwenye rekodi, hata kama nayo ina pumziko, ukishaisikia mara 200 pumziko lile limekuwa sehemu ya wimbo. Halikushtui.

Hapa nina jambo la kusema kuhusu pleibeki, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeombwa kuipiga mara nyingi. Msanii akipanda jukwaani huku wimbo wake uliorekodiwa unacheza pamoja na sauti yake ndani, hakuna kinachoweza kubadilika. Awe na watu kumi au elfu kumi, wimbo utakwisha kwenye sekunde ileile. Anaweza kucheza vizuri, taa zikawa nzuri, na vijana wakafurahi kweli, lakini muziki wenyewe umefungwa, haukusikii. Wewe ulikuwa umemsikiliza msanii wako tangu sekondari, unajua kila pumzi yake. Kama alichokuletea ni pumzi zilezile, ubongo wako haukuwa na kitu kipya cha kuhifadhi. Si kwamba muziki wa siku hizi hauna ladha. Wapo wasanii wa kizazi kipya wanaotembea na bendi kamili na kufumua nyimbo zao upya jukwaani, na nimewaona wakinyanyua uwanja. Angalia wanavyopiga, usiangalie mwaka waliozaliwa.

Nikupe moja ya kwangu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nachanganya sauti kwenye shughuli moja hapa mjini, ukumbi wa kawaida, mapangaboi yanapiga kelele. Mwimbaji, mama wa makamo, akafika kwenye ubeti wa tatu wa wimbo wa zamani na maneno yakamtoka. Alifungua mdomo, hakuna kitu. Mpiga kinanda akazungusha mara moja, mara mbili. Mimi mkono wangu uko kwenye kitufe cha maikrofoni yake, sijui nipunguze au niache. Mstari wa tatu kulikuwa na bibi mmoja ameegemea fimbo. Bila kuinuka, kwa sauti nyembamba kabisa, akaanza ule ubeti. Mwimbaji akageuka. Akateremka ngazi mbili za jukwaa huku anaburuta waya wa maikrofoni, akapiga goti mbele ya yule bibi, akamwekea maikrofoni mdomoni, akamwacha amalize mistari yote. Kisha akaupokea mstari wa mwisho, wakauimba pamoja. Watu walikuwa wanalia. Mpiga besi alikuwa analia na anapiga.

Nilikuwa nimerekodi shughuli ile kwenye kaseti, bado ninayo. Ukiisikiliza, unasikia ukimya, mkwaruzo wa waya, halafu sauti ya mbali isiyo na besi. Kwa fundi ni rekodi mbovu. Lakini nikikutana barabarani na mtu aliyekuwapo, hata kama jina lake nimelisahau, ananianzia na habari ya yule bibi.

Kuna mambo mengine yaliyokuangusha kule Dar, nayo ni ya kawaida tu. La kwanza ni mwisho. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walionesha mwaka 1993, kwa jaribio la watu kutia mkono kwenye maji ya baridi, kwamba mtu akitafakari jambo lililopita hapimi urefu wake. Anakumbuka zaidi kilele chake na jinsi lilivyokwisha. Mwisho wako ulikuwa geti, kusukumana na kukimbilia basi. Na la pili ni usingizi. Kumbukumbu mpya hukazwa tukiwa tumelala, nawe ulikesha kwenye kiti cha basi kisha ukaingia kazini. Safari nyingine lala hukohuko, hata kama ni kwa ndugu kwenye mkeka, na utoke dakika kumi kabla ya umati au ukae nusu saa baada yake.

La tatu nalisema kwa heshima, lisije likakuumiza: ile taarab ya Ngamiani unaikumbuka pia kwa sababu mmeisimulia. Umeandika mwenyewe kwamba nyumbani mnaisimulia mpaka leo. Kila inaposimuliwa inakazwa, na huenda imeongezwa rangi kidogo, ndivyo kumbukumbu zetu zote zilivyo. Onesho la Dar ulimsimulia nani? Hukunitajia uliyekwenda naye, asubuhi ukaingia kazini, video zikabaki simuni. Siku ileile ya kurudi mtafute mtu umweleze, kwa mdomo.

Sasa binti. Hukunitajia maonesho mahususi, kwa hiyo nitakueleza nitakavyochagua kama angekuwa mjukuu wangu.

Uwanja mkubwa na nyota mkubwa una kitu kimoja ambacho ukumbi mdogo hauna: maelfu ya watu kuimba kiitikio kimoja kwa wakati mmoja. Watu wanaotembea au kuimba kwa pamoja hujisikia wamoja kuliko waliokaa tu, na hilo nalo limepimwa na watafiti. Ni hisia kubwa. Lakini kwa mtoto wa miaka 10 uwanja ni migongo ya watu wazima, usiku mrefu, na sauti isiyo na kipimo. Kama kuna msanii anayempenda kwa moyo wake yeye, si wako, na onesho ni la bendi, mpeleke, mkae pembeni ya fundi mitambo.

Bagamoyo ni chaguo ninalolipenda. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni iliyopo pale imekuwa ikiandaa tamasha la kila mwaka tangu miaka ya 1980, na kwa mtoto lina faida ya kuona ngoma za sehemu mbalimbali za nchi zikipigwa na mikono mbele yake. Kutoka Tanga unakata Msata, si mbali kama watu wanavyodhani. Mji ule ndio aliouchagua kuishi marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyepeleka zeze na ilimba duniani kote mpaka alipofariki mwaka 2003. Ilimba ni kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, sauti yake ndogo. Ukumbi hunyamaza ili kuisikia. Mtoto akikutana na ukimya wa namna hiyo angali mdogo, atajua maisha yake yote kwamba muziki mtu huufuata. Tatizo ni kwamba kwa kawaida tamasha lile huwa kabla ya mwisho wa mwaka, kwa hiyo ulizia tarehe mapema.

Chaguo la tatu ni ukumbi mdogo hapahapa Tanga, au hata shughuli ya harusi, penye kikundi kinachopiga vyombo kweli. Kama ungenilazimisha nichague moja, ningechagua hili. Ataona vidole kwenye gita. Ataona mwimbaji anavyomkonyeza mpiga kinanda. Kiingilio ni kidogo, kwa hiyo mnaweza kwenda tena mwezi unaofuata, na mtoto huupenda zaidi muziki alioanza kuujua. Ubaya wake ni kwamba mafundi wa kumbi ndogo wengi hupiga sauti kubwa kuliko ukumbi unavyohitaji, na usiku huchelewa kuanza. Nenda mapema umwombe fundi apunguze. Mimi nikiombwa na mama mwenye mtoto hupunguza.

Kabla ya siku yenyewe, msiishie kusikiliza rekodi. Uimbeni wimbo mmoja jikoni, wewe ubeti na yeye kiitikio, mpaka aushike bila simu. Mnunulie vizibo vya masikio vinavyozuia sauti kweli, au vile vinavyofunika sikio lote, ambavyo watoto huvumilia zaidi. Pamba haitoshi. Nawe vaa vyako, hasa sasa na sikio hilo. Mkipita karibu na spika, unyooshe mkono: kama inabidi upige kelele ili mtu aliye umbali wa mkono wako akusikie, hapo si pa kukaa.

Na noti mpe mapema, kabla kikundi hakijaanza, aikunje mwenyewe na kuishika. Usimwambie ni ubeti gani. Mwache asikilize mpaka aujue.